Amplifaya ya Bah Admiral

Siku Aibor Kharbuli alipokutana na Ridahun Rynjah, alikuwa amekumbatia amplifaya iliyokufa. Mvua ilikuwa inanyesha sokoni Police Bazar kwa ule unyeshaji wetu wa Agosti, ambapo mtu akifungua mdomo kusema neno moja anajikuta ameshameza kikombe kizima cha maji. Nusu ya mji ilikuwa imejibana chini ya vibaraza vya maduka, na nusu nyingine inapigania nafasi ya hao waliojibana. Aibor alikuwa anapanda ngazi za jengo la mafundi kinyumenyume, mzigo kifuani, maji yakimtiririka mgongoni, akamkanyaga mtu.

"Bah, hicho kitu chako kinanuka nywele zilizoungua," sauti ikasema nyuma ya shingo yake.

Aligeuka. Msichana alikuwa amevaa jainsem ya hariri ya rangi ya zambarau iliyoiva, imefungwa mabegani kwa pini mbili za dhahabu, na juu yake shuka la mirabaraba la kujikinga na baridi. Kitambulisho cha hospitali kilining'inia shingoni. Midomo ilikuwa myekundu kwa kwai, tambuu yetu ya popoo na chokaa, na mguu mmoja ameuinua kidogo, ule uliokanyagwa.

"Si nywele, Kong," alimjibu, kwani kwetu kaka huitwa Bah na dada huitwa Kong. "Ni transfoma."

"Pole. Ilianza kuumwa lini?"

"Jana, umeme uliporudi kwa hasira."

Msichana alicheka, kisha wakatazamana, na kila mmoja akajua mwenzake anataka kuuliza nini. Kwetu jina halitangulii, hutangulia ukoo. Ukoo ukiwa mmoja mnakuwa ndugu papo hapo, mnaulizana habari za bibi zenu, na moyo mnaupeleka kwingine. Aibor akasema yeye ni Kharbuli. Msichana akasema Rynjah. Wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja, hata mchuuzi wa viatu aliyekuwa karibu akasogea kuwapa nafasi.

Ridahun alikuwa mpimaji wa masikio. Kazi yake ni kumfungia mtu kwenye kachumba kasikopitisha sauti, kumvisha vifaa masikioni, na kumpigia vilio vyembamba kimoja kimoja, mtu ainue mkono kila anaposikia. Aibor alikuwa mpiga gitaa. Asubuhi anafundisha watoto wa matajiri wa Laitumkhrah, jioni anapiga na bendi ya rafiki yake Donbok. Kwa muda wa miezi miwili simu zao hazikupoa. Ridahun akipiga huanza kwa kumtania kwamba wapiga gitaa ndio wanaomletea riziki, kwa vile wanawaharibu watu masikio. Aibor humjibu kwamba atamlipia kila sikio kwa sahani ya jadoh. Na kweli walikaa sana kwenye vibanda vya chai, wali mwekundu na nyama ya nguruwe mbele yao, magoti yamegusana chini ya meza, juu ya meza wanajadili hali ya hewa kama maofisa.

Ila mapenzi ya kwetu hayaendi mbali bila mjomba. Ridahun alikuwa na mjomba mmoja tu, kaka wa mama yake, aitwaye Bah Admiral, ingawa maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Umiam. Neno lake ndilo ndiyo, na kimya chake ndicho hapana. Alikwishakataa wachumba wawili. Mmoja kwa sababu alimsifu mbwa kabla hajamsalimu mwenye nyumba, wa pili kwa sababu alikula haraka. Naye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa enzi ambazo, ukimwamini, mawe ya Sohra yalikuwa bado laini na watu walikuwa wanayakanyaga wakizama.

Ridahun alipomfikishia habari za Aibor, mzee alisema hataki kusikia kazi ya kijana wala tabia zake, kwani hayo watu hudanganya. Anataka kumsikia akipiga gitaa. Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, saa tisa alasiri, bendi ya Donbok ingepiga kwenye ukumbi wa mtaa wa Mawkhar kuchangia paa jipya. Bah Admiral angekuja. Akiridhika, Jumapili wajomba wa Aibor waje nyumbani kuposa. Asiporidhika, wasijisumbue. Na kwa kuwa fundi alikuwa bado anasubiri transfoma kutoka Kolkata, mzee mwenyewe angemwazimisha Aibor amplifaya yake.

"Kuna sharti moja," Ridahun alimwambia Aibor kwenye simu, na sauti yake haikuwa na utani. "Nobu zake za kurekebishia sauti haziguswi na mtu. Amesema sauti iliyomo humo ameitafuta miaka mitatu."

"Nani atagusa? Mimi nina wazimu?"

"Nimekwambia tu, mpenzi. Sawa?"

"Sawa."

Amplifaya ilifika Jumamosi saa tano, imebebwa na wanaume wanne waliokuwa wanaapa. Ilikuwa sanduku la msonobari lenye urefu wa mbuzi, kitambaa cha mbele kimechakaa, nyuma taa za glasi zinawaka wekundu wa makaa. Nani aliiunda hakuna aliyejua. Wengine walisema askari wa redio, wengine walisema ilishuka kutoka milimani kwa miguu yake. Juu ilikuwa na nobu sita za kuzungusha, na hakuna hata moja iliyoandikwa kitu. Kila nobu ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe ya hospitali, kutoka juu ya nobu hadi kwenye bati, ili isisogee hata unywele.

Aibor alichomeka gitaa, akapiga.

Sasa sauti ya Aibor ilikuwa inajulikana mjini. Nene katikati, imeviringika kwenye ncha, inakujia taratibu kama asali ya maua ya michungwa ikishuka kwenye kijiko. Watu walikuwa wanaitambua wakiwa barabarani, hawajaingia hata mlangoni. Kilichotoka kwenye sanduku la Bah Admiral kilikuwa sindano. Kilikwenda moja kwa moja kikachoma ukuta wa nyuma na kurudi. Mbwa aliyelala mlangoni aliamka, akawatazama wote mmoja mmoja, akaondoka zake.

"Labda inapasha moto," alisema Donbok, ambaye alikuwa anapiga besi na kutia matumaini.

Ilipata moto, na sindano ikawa nyekundu. Aibor alijaribu kila alichokuwa na ruhusa ya kukigusa. Alipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Ukali ukabaki, unene ukatoweka. Alifunga mpaka mwisho ile nobu ya gitaa inayoongoza wembamba wa sauti. Ikawa sindano iliyofungwa pamba. Alihamisha waya kwenye tundu la pili, ikapungua nguvu lakini tabia ni ileile. Aliacha kupigia ukucha, akapigia nyama ya kidole gumba mpaka kidole kikavimba. Kila amplifaya aliyokwisha kuizoea aliianza kwa kuweka nobu zote katikati, kisha anasikiliza, anasogeza moja moja kidogo kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Hapa mchuzi ulikwishatiwa chumvi na mwenye nyumba, na mwiko umefichwa.

Donbok alimnong'oneza kwamba plasta hubanduka na hubandikwa tena. Aibor akamuuliza kama angefunua sufuria jikoni kwa mama mkwe ambaye hajawa mama mkwe. Donbok akarudi kwenye besi yake, kwa sababu hata yeye, pamoja na kutojali kwake, asingeweza.

Saa saba Ridahun aliingia na flaski ya chai. Alikaa kwenye viti vya katikati, akasikiliza wimbo mmoja mzima, mkono shavuni. Kisha akapanda jukwaani, akavua shuka lake, akalitandaza mbele ya kitambaa cha spika. Ukali ulipungua kweli, lakini sasa ilikuwa kama mtu anaongea amefunikwa mto. Na sanduku limefunikwa shuka lilifanana mno na maiti. Wakalitoa.

"Ni kali sana, Aibor. Watu watatoka wameshika masikio."

"Najua. Mpigie mjomba, mwombe ruhusa nisogeze nobu mbili tu."

Ridahun alilikunja shuka, akalikunja tena lilipokuwa limekwishakunjwa. "Siwezi."

"Basi niambie jambo moja. Mtu aliyepiga gitaa miaka arobaini, kwa nini aiweke amplifaya yake hivi?"

Huyu msichana alikuwa na jibu la kila kitu. Ungemuuliza mawingu yanakwenda wapi angekutajia mtaa. Sasa alitazama sakafu.

"Usiniulize hilo."

"Kwa nini nisikuulize?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Aibor alikuwa amechoka, kidole kinamuuma, na saa ya ukutani ilikuwa inatembea kama imelipwa. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake vibaya. Mzee amekataa wawili. Mzee ameazimisha sanduku ambalo hakuna binadamu anayeweza kulipigia vizuri, akafunga nobu, akatuma sharti. Na aliyeleta sharti amesimama hapa, anajua sababu, hataki kusema.

"Basi ni mtego," alisema. "Na wewe ndiye uliyeuleta."

Donbok aligeuka, akaanza kukaza nyuzi za besi ambazo hazikuwa zimelegea. Ridahun hakupandisha sauti. Alijifunga shuka mabegani polepole, pindo kwa pindo.

"Kama mimi ni mtego," alisema, "kesho wajomba zako wabaki nyumbani."

Akashuka. Viatu vyake vilisikika mpaka nje.

Aibor alimpigia simu mara tatu, haikupokelewa. Mara ya nne ilipokelewa, kukawa na kelele za barabara, na Ridahun akasema yuko getini anamsubiri mjomba, na kwamba Aibor apige gitaa kama anavyoweza, yeye hana la zaidi. Aibor akaanza kusema samahani. Simu ilikwishakatwa.

Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia tatu, wanawake na mashuka yao, kwai inapita mkono kwa mkono. Wazee walikaa pembeni, kwenye benchi refu la ukutani upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na jiko la makaa. Bah Admiral aliingia polepole, suti ya kijivu, kofia ya manyoya, ndevu chache alizozihesabu na kuziweka sawa. Ridahun alimshika mkono mpaka mwisho wa benchi, akakaa kando yake, uso kama dirisha lililofungwa. Aibor akashuka kumsalimu mzee kwa mikono miwili. Mzee akamtazama kutoka viatu mpaka nywele, akasema, "Tutasikia," akaendelea kutafuna.

Hapo ndipo maikrofoni ya Donbok ilipopiga kelele.

Ulikuwa ule mlio mwembamba, wa juu kabisa, unaoingia sikio moja na kutokea jingine umebeba kitu mkononi. Ukumbi mzima ulijikunja. Mtoto alianza kulia, mwenyekiti wa mtaa akajiziba masikio kwa viwiko kwa sababu mikono ilikuwa imeshika chai. Mlio ulidumu kiasi cha kumaliza sala fupi.

Bah Admiral alikuwa anapaka chokaa kwenye jani. Alipaka kona moja, akapaka ya pili, akalikunja. Kope haikucheza. Alipoinua macho na kuwaona watu wamejikunja, naye alikunja uso, amechelewa, kama mtu anayecheka mzaha ambao hakuusikia, kwa kuwa wenzake wanacheka.

Aibor alimtazama Ridahun. Ridahun alikuwa anamtazama yeye, na katika macho yale kulikuwa na hofu, si hasira. Kisha akageuza uso haraka.

Aibor alirudi jukwaani. Sauti aliyoitafuta miaka mitatu. Mzee hakuwa anatafuta sauti, alikuwa anaifukuza. Kila mwaka sauti nyembamba zilimkimbia masikio kidogo, na kila mwaka alisogeza nobu azifuate, mpaka nobu zikafika mwisho, akazifunga kwa plasta. Na hiyo plasta ilitoka hospitali gani, na ni nani aliyemfungia kwenye kachumba, akampigia vilio vyembamba, akaona mkono hauinuki? Siri ya mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe mjomba. Angemwambiaje? Na yeye Aibor kamwita mtego.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini saa haikusubiri aibu. Zilibaki dakika kumi na mbili. Akibandua plasta na kuituliza sauti, watu mia tatu watapona na mzee atasikia mvumo tu, kama gitaa linalopigwa nyumba ya tatu. Jibu litakuwa kimya, na kimya kinajulikana maana yake. Tena kubandua ni kuitangaza siri ya mzee. Akiacha ilivyo, ukumbi utateseka, na mji utasema Kharbuli ameisha.

"Tunaanza na upi?" Donbok aliuliza.

"Ngoja."

Alikuwa na waya mrefu. Alishika gitaa, akawa anapiga kwa upole nyuzi zilezile huku akitembea, bila kujua anatafuta nini. Mbele ya sanduku, sindano. Akapiga hatua moja kulia. Hatua nyingine. Ukali ukakatika, kama mtu amefunga mlango. Alisimama. Kwenye ubavu wa sanduku, asali ilikuwa inamwagika, nene, yake mwenyewe, ambayo ilikuwa humo siku nzima. Akarudi hatua mbili: sindano. Akatoka tena: asali.

Wembamba wa sauti ulikuwa unakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Unene ulikuwa unajaa kila mahali kama maji. Tangu saa tano alikuwa amewamulika watu usoni.

"Donbok, shika upande huo."

"Tunaipeleka wapi?"

"Tunaigeuza."

Waliigeuza mpaka ikaupa ukumbi ubavu, ikakabili benchi la wazee. Aibor alisukuma kipande cha ubao chini ya ukingo wa mbele, sanduku likalala nyuma kidogo. Akachuchumaa nyuma yake, akafumba jicho moja kama mwindaji, akasogeza ubao, akapima tena, mpaka katikati ya spika ikaangalia kifua cha suti ya kijivu. Watu walidhani ni heshima ya kumwelekezea mzee kitu chake, wakanong'ona kwamba huyo kijana amelelewa vizuri.

Akapiga.

Ukumbi ukatulia. Sauti iliwafikia kutoka pembeni, kutoka ukutani, kutoka chini ya viti, nene na ya pole, na mwanamke mmoja wa safu ya tatu akasema, "Aa, ndiye huyo." Kwenye benchi la wazee mambo yalikuwa mengine. Mwenyekiti wa mtaa alikumbuka wageni wa kuwasalimu, akaenda, hakurudi mpaka mwisho. Aliyekaa pembeni yake alipatwa na kiu. Baada ya wimbo wa pili benchi lilikuwa na watu wawili tu.

Ridahun hakuondoka. Alikaa kando ya mjomba wake, ndani kabisa ya ule mwanga mkali, sindano zote zinampitia yeye, mwenye masikio ya kupimia masikio ya mji mzima. Nyimbo saba. Aibor alimwona akiuma mdomo, akaona machozi, na hakujua ni ya maumivu au ya kitu kingine. Bah Admiral alikuwa ameacha kutafuna. Macho ameyafumba. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya goti, vinafuata, vinashika nyuzi ambazo hazipo, na wakati mmoja vilitangulia, kwa sababu alijua wimbo unakokwenda.

Ilipokwisha, makofi yalikuwa bado yanaendelea mzee aliponyanyuka na kwenda mpaka kwenye sanduku lake. Aliinama. Akapitisha kidole juu ya plasta, moja baada ya moja, zote sita.

"Hukugusa."

"Sikugusa, Mjomba."

Neno lilimtoka kabla halijaruhusiwa. Donbok alifumba macho. Bah Admiral alimtazama Aibor muda mrefu, midomo ya Aibor hasa, kama watu wa hali yake wanavyotazama.

"Vijana wa siku hizi hupiga gitaa kama wamelifunika blanketi," alisema. "Kila ninayemsikia. Nikadhani muziki umekufa. Wewe nimesikia mpaka kidole kinavyoacha uzi." Akavaa kofia yake vizuri. "Waambie wajomba zako waje kesho. Tena waongee wakinitazama, wasinong'one. Siwapendi watu wanaonong'ona."

Aibor alitafuta jainsem ya zambarau ukumbini. Ridahun alikwishatoka kumtafutia mzee teksi.

Simu iliita saa kumi na mbili jioni, Aibor akiwa jikoni kwao, mama yake anachoma dagaa kwa ajili ya chachandu. Alitoka nayo uani.

"Rida. Nilichokwambia mchana, lile neno—"

"Lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya sana. Sina la kujitetea. Niliogopa kukupoteza, nikakushambulia wewe badala ya hofu yangu. Nisamehe, mpenzi."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa juu ya meza. "Masikio yangu yanalia mpaka sasa hivi. Nasikia panzi."

"Ungehama."

"Ningehama, angejiuliza kwa nini watu wote wamehama." Kikombe kikasogezwa. Aliposema tena alikuwa karibu sana na simu. "Aibor. Ulijuaje?"

Uani kulikuwa na baridi, na moshi wa jikoni ulikuwa unapita juu ya ukuta kwenda kwa majirani. Aibor alifikiri kidogo tu.

"Nilijua nini?"

Alisikia pumzi ikiingia na kukaa humo. Halafu ikatoka, ndefu, nusu kicheko na nusu kilio, na Ridahun akajipangusa pua bila kujificha.

"Basi," alisema. "Mama anasema waje saa nne, baada ya ibada. Anapika nguruwe wa ufuta mweusi, wajomba zako waje na njaa. Na wewe ukiingia ukae karibu na mjomba, upande wa kushoto. Huo ndio anaosik—" Akajikata. "Huo ndio upande anaoupenda."

"Kushoto," alisema Aibor. "Nimesikia."